UZI: Nanunua BCD yangu ya kwanza (koti la kuzamia linalojazwa hewa). Jaketi au bawa? Mtungi wa alumini au wa chuma? Wazoefu nishaurini

#1 KijanaWaNungwi

Assalaam alaykum wakuu, na habari za kutwa kwa wote wa bara na visiwani.

Mimi ni kijana wa Nungwi, umri miaka 27. Mwaka jana nilimaliza daraja la daivumasta na sasa naongoza wageni, siku nyingi Mnemba, na Leven Bank pale bahari inaporuhusu. Tangu nianze kuzamia navaa vifaa vya senta ya kuzamia. Asubuhi wageni wanachagua kwanza, sisi tunachukua kilichobaki. Leo naangukia koti saizi L, kesho S linanibana mbavu hadi pumzi inakuwa fupi.

Nimejikusanyia milioni moja na laki nne. Yaliyopo mezani ni haya:

Kuna mgeni anaondoka wiki ijayo, anauza BCD yake ya mtindo wa jaketi, saizi L, laki sita na nusu. Kwa macho ni nzuri, haijapauka.

Ndugu yangu wa Muscat anasema niachane na makoti, ninunue bawa (mfuko wa hewa wa mgongoni tu) na bamba la chuma la kulifungia.

Halafu kuna mtu Dar anauza mitungi miwili, mmoja alumini, mmoja chuma lita 12. Nafikiria kuchukua mmoja niwe na wangu wa mazoezi.

Mimi nina kilo 62, urefu sentimita 171. Navaa suti ya milimita 3 na risasi za kunizamisha kilo 6. Shida yangu kubwa ni moja, nayo inanikosesha raha kazini: mwisho wa mzamio, tukisimama mita 5 kwa zile dakika tatu za usalama, mimi kiongozi ndiye napanda juu huku wageni wangu wametulia. Nataka koti litakaloniondolea jambo hili. Nishaurini.

#2 Zamia_Dar

Mkuu, laki sita na nusu kwa BCD ambayo haijapauka ni bei nzuri, chukua haraka kabla hajapata mtu mwingine. Hiyo ya kupanda ongeza risasi kilo mbili, utatulia. Ukiona umekuwa mzito chini unapuliza hewa kidogo kwenye koti, basi.

#3 Mwalimu_Matemwe

Nimefundisha kuzamia miaka kumi na tisa kwenye pwani hii, na naomba mdogo wangu wa Nungwi asome hapa kabla hajatoa hata shilingi.

Ndugu yangu wa #2, najua unamtakia mema, lakini ushauri huo ndio unaompandisha. Kilo 6 kwa mwili wa kilo 62 na suti ya milimita 3 ni nyingi mno. Anaposhuka nazo anakuwa mzito, kwa hiyo lazima apulize hewa kwenye koti ili asizame. Hewa hiyo haikai kimya. Chukua lita 2 za ziada ulizoweka ukiwa mita 10, ambako mgandamizo ni bar 2, yaani mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukipanda hadi mita 5 mgandamizo ni bar 1.5, zile lita 2 zimekuwa karibu 2.7. Ukifika juu zimekuwa 4. Kila lita moja inakuinua kwa kilo moja na kidogo. Sasa ongeza risasi kilo mbili kama ulivyosema, ina maana ataongeza lita mbili nyingine za hewa, na zenyewe zitatanuka vilevile. Ndiyo maana mtu mwenye risasi nyingi huzama vizuri mwanzoni, halafu mwishoni hupaa kama boya.

Mwaka fulani nilikuwa na mwanafunzi, mtu mzima, mpole, alivalishwa kilo 10 kwenye mashua kwa sababu alishindwa kushuka mara ya kwanza. Hakuna aliyemwambia atoe pumzi. Tulikuwa mita 14, akajipuliza akae sawa, akapanda mita mbili kuangalia kasa, na hapo hewa ikaanza kumchukua. Nilimshika pezi moja tukapanda wote wawili hadi nikaifikia kamba ya valvu ya kutolea hewa begani kwake. Tulisimama mita 6. Alikuwa mzima, alhamdulillahi, lakini mkono wangu ulitetemeka hadi tukafika ufukweni. Tangu siku ile sivalishi mtu risasi bila kumpima.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia koti, jipime. Usijipime mwanzo wa mzamio mtungi ukiwa umejaa, jipime mwishoni, geji ya mtungi ikisoma bar 50. Simama wima juu ya maji, regulata (kifaa cha kupumulia) mdomoni, toa hewa yote kwenye koti, vuta pumzi ya kawaida uishike bila kupiga mapezi. Maji yakae usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame polepole. Ukizama huku umeshika pumzi, toa kilo moja, rudia.

Fanya hivyo mara tatu, siku tatu tofauti, urudi hapa utuambie umebaki na kilo ngapi.

#4 KijanaWaNungwi

Mwalimu, ahsante sana. Sikuwahi kuelezwa kwamba risasi ndiyo inayonipandisha. Kesho tuna mizamio miwili Mnemba, najipima.

#5 Fundi_Mitungi

Mimi ni fundi wa kompresa na mitungi, Dar. Naongezea upande wa mtungi kwa sababu watu wanautazama kama chupa tu ya kubebea hewa, kumbe nao unabadilisha uzito wako kila dakika.

Ule mtungi wa alumini uliozoeleka pwani nzima, wanaouita 80, una ujazo wa lita 11.1 na mgandamizo wake wa kazi ni bar 207. Ukijazwa unabeba kama lita 2,200 za hewa. Hewa ina uzito: lita moja ni kama gramu 1.2, kwa hiyo mle ndani una karibu kilo 2 na gramu 700 za hewa tupu. Unaianza safari na mtungi unaozama kidogo, kama nusu kilo na ushee. Ukiumaliza, mtungi uleule unaelea kwa karibu kilo 2. Ndiyo maana mwishoni unahisi kitako cha mtungi kinakuinua makalio.

Chuma lita 12 ni habari nyingine. Juu ya mizani vinakaribiana, lakini chuma hata kikiisha hewa bado kinazama, kwa kawaida kama kilo moja hivi, inategemea mtengenezaji. Mtu akihama kutoka alumini kwenda chuma anaweza kuvua risasi kilo 2 hadi 3. Mgongo unashukuru.

Muda wa hewa nao tuuseme kwa hesabu. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 18 mgandamizo ni bar 2.8, anavuta lita 56. Kwa alumini, kutoka 200 hadi 50, ana lita 1,665, sawa na dakika 29 na nusu hivi. Chuma lita 12 dakika 32. Lita 15, dakika 40, lakini mtungi wa lita 15 utaubeba mwenyewe mchangani, mimi simo. Kijana mwembamba aliyetulia anayevuta lita 15 anakaa karibu dakika 40 na alumini yake. Pumzi iliyotulia inakupa muda mrefu kuliko mtungi mkubwa, na hainunuliwi.

Sasa kuhusu hiyo mitungi ya Dar. Usinunue kwa picha. Tazama mabega ya mtungi, pamegongwa namba. Tafuta mwezi na mwaka wa kipimo cha maji, kile cha mgandamizo. Sehemu nyingi duniani kinarudiwa kila miaka 5, na ukaguzi wa ndani kwa macho ni bora uwe kila mwaka, hasa kwa chumvi yetu hii. Mtungi wa alumini wa zamani sana uuogope. Kuna aloi inaitwa 6351 iliyotumika hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadhi ya nchi hadi miaka ya 1990, na mitungi yake ina historia ya kupata nyufa shingoni. Baadhi ilipasuka wakati wa kujazwa na ikaumiza watu. Mimi siijazi, hata uje na barua.

Mtungi wa chuma adui yake ni maji ndani. Mtu akiumaliza hadi sifuri akaacha valvu wazi kwenye mashua, unyevu unaingia, kutu inaanza. Geuza mtungi taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinachakarisha kama mchanga kwenye debe, rudisha.

#6 Diani_Mpigambizi

Salaam kutoka Diani. Mimi ni mama wa watoto wawili na nimezamia tangu 2009, Kisite, Watamu, na mara kadhaa Pemba. Wanaume wakizungumzia BCD wanazungumzia uwezo wa kuinua na idadi ya mifuko. Mimi nitazungumzia saizi, kwa sababu kaka, wewe wa kilo 62 ukinunua L utajuta.

Koti kubwa likiwa kavu dukani linaonekana sawa. Ingia nalo baharini, lijaze hewa juu ya maji kwenye mawimbi ya kusi, uone. Koti linapanda, wewe unabaki chini yake. Mabega yanagusa masikio, kidevu kinazama, mtungi unayumba kushoto na kulia kama mtoto aliyebebwa na mbeleko isiyokazwa. Na chini ya maji ile nafasi ya ziada inakuwa pango la hewa: unavuta kamba ya kutolea, hewa inakimbilia pembe nyingine ambayo haina valvu. Sishangai hata kidogo kwamba mita 5 unapaa.

Lipime hivi. Vaa suti yako. Kaza mikanda yote. Lijaze hewa hadi valvu ya usalama ipige mluzi. Uweze kupumua kifua kizima bila kubanwa. Mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega: lisipande zaidi ya vidole viwili. Kisha toa hewa yote, mikanda isiwe imefika mwisho, ubaki na nafasi ya kukaza.

Mimi nilihangaika miaka minne na makoti ya kiume ambayo mkanda wa kifua ulipita mahali pasipofaa. Nilipovaa koti lililoshonwa kwa mwili wa mwanamke, mabega yakiwa yamepinda kwa nje, maumivu ya mgongo yaliisha msimu huohuo.

#7 Swahili_Muscat

Yakhe, mimi ndiye ndugu yake. Nimeona ametaja bawa, basi nieleze.

Jaketi linakuzunguka na hewa yake iko mgongoni, ubavuni, hadi tumboni. Juu ya maji ni raha, unakaa wima kama mtu kitini. Bawa lina hewa mgongoni tu, pembeni mwa mtungi. Chini ya maji unalala bapa bila kutumia nguvu, kifua kiko huru, miguu haivurugi mchanga wala kugonga matumbawe. Mimi nazamia visiwa vya Daymaniyat karibu kila Ijumaa, na tangu nihamie bawa napiga picha bila kushika kitu.

Bamba la chuma cha pua la milimita 3 lina uzito wa kama kilo 2 na nusu. Hiyo ni risasi iliyotoka kiunoni ikahamia mgongoni, mahali panapofaa, karibu na mapafu yanayokuinua. Mikanda ni utepe mmoja unaokatwa kwa kipimo chako. Ukiharibika unanunua utepe tu, huna haja ya koti jipya. Mimi hili nililonalo lina miaka kumi na moja.

Kasoro yake nayo niiseme: juu ya maji, kama una hewa nyingi mgongoni, bawa linakusukuma uso mbele. Dawa ni kupunguza hewa na kujilaza kidogo nyuma.

#8 Mwalimu_Matemwe

Sheikh wa Muscat amesema kweli tupu kuhusu bawa. Mimi mwenyewe nazamia nalo siku zangu za mapumziko. Ila nataka tumtazame huyu kijana na kazi yake, na mashua zetu.

Kwetu, mashua nyingi ni za mbao na ngazi yake ni fupi. Kurudi juu, unavua vifaa majini, baharia anavipokea kwa mkono, halafu unajivuta. Bawa lenye utepe mmoja bila klipu za mabegani ni gumu kulivua kwenye mawimbi, na kiongozi anatakiwa awe wa mwisho kupanda, huku akisaidia mgeni aliyechoka. Nimeona watu wakipinda mkono mgongoni dakika nzima, mkondo unawapeleka nyuma ya mashua. Akichukua bawa, achukue mikanda yenye klipu za kufungua mabegani. Wapo wanaozikataa, wanasema zinavunjika. Kwa kazi ya hapa, mimi ningeziweka.

La pili, la maana zaidi. Bamba la chuma, ukiongeza na mtungi wa chuma, kwa mwili wake na suti ya milimita 3, anaweza kuwa hana risasi hata moja. Inasikika vizuri. Lakini risasi ndicho kitu pekee unachokitupa pale koti likipasuka ukahitaji kuelea. Bamba hulitupi, limefungwa na mtungi unaopumulia. Mtungi huo ukijaa unazama kwa kilo 3 na zaidi, na suti nyembamba haina uwezo wa kukubeba. Bamba la chuma na mtungi wa alumini, sawa. Bamba la alumini na mtungi wa chuma, sawa. Vyote chuma kwenye maji ya joto, hapana.

Na mitungi ya senta zetu ni alumini karibu yote. Utanunua vifaa kwa ajili ya mtungi unaouzamia kila siku, au kwa ule utakaoutumia mara mbili kwa mwezi?

#9 Zamia_Dar

Nimesoma kuanzia #3 na nimejifunza. Nafuta ushauri wangu wa #2. Kumbe na mimi navaa kilo 9 na nina kilo 80. Nitajipima Bongoyo wikiendi hii.

Swali: uwezo wa kuinua wa koti unatakiwa uwe kilo ngapi? Naona yameandikwa 12, mengine 18, mengine 25.

#10 Fundi_Mitungi

Zamia_Dar, jumlisha vitu viwili. Kwanza uzito wa hewa unayoanza nayo, kilo 2.7. Pili, uzito wa kile kinachopotea kwenye suti: neoprini, ule mpira wa suti, ina viputo, ukishuka vinabanwa, suti haikubebi tena kama juu. Kwa milimita 3 weka kilo 2. Hapo una kama kilo 5. Ongeza ya kukuweka kichwa nje ya maji na kumsaidia mwenzako. Kilo 12 hadi 15 kwa maji yetu zinatosha kabisa. Koti la 25 ni la watu wa suti nene na mitungi pacha. Mfuko mkubwa wa hewa ni kitambaa kinachokuburuta kwenye mkondo.

#11 KijanaWaNungwi

Wakuu nimerudi. Nimejipima siku tatu kama Mwalimu alivyoagiza.

Siku ya kwanza, geji 50, nilitoa hewa yote, nikashika pumzi, nikazama kama jiwe hadi mita 2. Nikatoa kilo moja. Nikazama bado. Siku ya pili nilianza na 4, maji yakakaa kwenye paji la uso. Siku ya tatu nikajaribu 3 na nusu na koti saizi M niliyoazima kwa rafiki, maji yakakaa machoni pangu kama ulivyosema. Nikatoa pumzi, nikashuka taratibu, miguu imetulia.

Kilo 2 na nusu nilizokuwa nazibeba bure tangu nianze kuzamia! Na kwenye kituo cha mita 5 sikupanda. Nilipuliza hewa mara mbili tu mzamio mzima.

Sasa nimeelewa kwamba koti sio lililokuwa linanisumbua. Ila bado nahitaji langu. Jaketi la L nimeliacha, Diani_Mpigambizi ahsante dada yangu. Yule mgeni ameniunganisha na mwenzake mwenye M, ya hewa ya mgongoni lakini yenye mabega na mifuko kama koti la kawaida, na risasi zinakaa kwenye mifuko ya kuchomoa. Anataka laki saba na nusu. Imetumika miaka minne. Niangalie nini kabla ya kulipa?

#12 Diani_Mpigambizi

Hapo umepata kitu cha kati, na kwa kazi ya kuongoza wageni naona kinakufaa. Bawa kamili utaliongeza ukipata nafasi.

Kuangalia: lijaze hadi lipige mluzi, funga, liache usiku kucha kwenye kivuli. Asubuhi liwe bado gumu. Likiwa limelegea, lizamishe kwenye pipa la maji, fuata viputo. Viputo vya valvu vinarekebishika, mara nyingi ni mchanga au oringi (pete ya mpira ya kuziba). Vya kwenye mshono wa mfuko, achana nalo.

Bonyeza kitufe cha inflata, kile cha kujazia koti hewa, mara ishirini huku hosi imeunganishwa kwenye mtungi. Kila ukiachia, hewa ikatike papo hapo. Inayochelewa nusu sekunde ndiyo itakayokwama siku moja ukiwa mita 20. Na hata ukinunua jipya, fanya zoezi la kuchomoa ile hosi ya inflata kwa mkono mmoja umefumba macho. Mimi ilinikwama Kisite 2016, koti linajijaza lenyewe, mkono wa kushoto ukachomoa hosi kabla akili haijaamua, huku wa kulia umevuta kamba ya bega.

Mifuko ya risasi: weka risasi ndani, ruka ruka, pinda, inamisha kichwa. Isitoke. Kisha vuta mara moja. Itoke. Velkro iliyochoka inadondosha risasi, na hapo ndipo mtu anapaa bila kutaka.

Mwisho, mimina maji yasiyo na chumvi ndani ya mfuko kupitia bomba la mdomo, tikisa, yamwage. Yakitoka na mchanga mweupe wa chumvi, mwenye nalo alikuwa haoshi ndani. Hilo likupunguzie bei.

#13 Fundi_Mitungi

Ongezea bomba lenye mikunjo la inflata: livute kidogo uangalie kila mkunjo, ndimo jua linapopasulia. Na zile kamba za plastiki zinazobana ncha zake, badilisha zote. Ni za bei ya soda.

#14 Kigamboni_Mpya

Samahanini, mimi ndio naanza, nina mizamio saba. Mnaongelea valvu za mitungi lakini sijaelewa DIN na yoki. Rafiki yangu amenunua regulata mtandaoni, imefika, haiingii kwenye mtungi wa senta.

#15 Fundi_Mitungi

Mdogo wangu, yoki ni kile kibano kinachokumbatia valvu na kukazwa kwa nyuma na skrubu. Oringi iko kwenye mtungi. DIN ni ya kuzungusha, regulata inaingia ndani ya valvu kwa nyuzi, na oringi iko kwenye regulata yenyewe, inalindwa. DIN ni imara zaidi, ikigongwa haihami. Za mgandamizo hadi bar 232 zina nyuzi tano, za 300 zina saba.

Rafiki yako asikate tamaa. Valvu nyingi za siku hizi zina kiini cha katikati kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kikitoka, DIN inaingia. Kikirudi, yoki inakaa. Kama valvu haina kiini, kuna adapta ya kibano inayofungwa kwenye regulata ya DIN. Kwa anayeanza kununua sasa, nunua regulata ya DIN na adapta yake, utazamia popote.

Na ukifunga regulata kwenye mashua, fungua mtungi wote, vuta pumzi nne kali huku unatazama geji. Sindano isicheze. Ikishuka na kupanda kila ukivuta, valvu haijafunguka vizuri. Nusa na hewa. Hewa ya mtungi haina harufu. Ukisikia mafuta au moshi, mtungi huo usiushuke nao hata wakuite mwoga: kompresa iliyovuta moshi wa injini yake inakupa kaboni monoksaidi, na chini ya maji sumu hiyo inazidishwa na mgandamizo.

#16 Swahili_Muscat

Na usishangae ukiona mtungi umesoma 210 ukijazwa, ukafika mashuani ukasoma 190. Ulijazwa haraka ukapata joto, sasa umepoa. Hesabu mzamio kwa geji ya mashuani.

Jingine dogo ambalo wengi hawafundishwi: mkanda wa BCD unaoshika mtungi uloweshe kabla ya kuukaza. Nailoni ikilowa inalegea. Ukikaza mkavu, mtungi unateleza ukiwa katikati ya maji, mwenzako anakukimbilia kukushikia. Kaza, kisha nyanyua koti kwa mpini ulitikise. Mtungi ukishuka hata sentimita moja, kaza tena.

#17 Bi_Chole

Nimechelewa kuuona uzi huu, mtandao wetu Mafia ulikuwa na shida. Mimi naongoza wageni ndani ya hifadhi ya bahari huku, na msimu wa papa potwe tunapokea watu wengi wanaokuja na BCD zao za kifahari.

Kitu ambacho hamjagusa ni usafiri. Ndege ndogo nyingi za kuja huku zinataka mzigo wa kilo 15, pamoja na nguo. Bamba la chuma na mapezi mazito vikishaingia, hujaweka hata shati. Kwa anayetembea kati ya visiwa, bamba la alumini au koti jepesi linaokoa pesa. Mtungi na risasi utavikuta.

Na pia kwenye mlango wa bahari wa Kinasi, maji yakianza kuvuta, kitu chochote kinachoning'inia kinakuwa tanga. Geji, boya, taa, regulata ya akiba, vyote vibanwe kwenye pete za kifuani. Nimeona geji ya mtu ikikwangua matumbawe mita kumi nzima, matumbawe yaliyochukua miaka kukua, na mwenyewe hajui. Kabla ya kuchagua koti kwa mifuko, tazama pete zake ziko wapi.

#18 KijanaWaNungwi

Mrejesho wakuu.

Ile M nililipa laki saba. Ililala usiku imejaa, asubuhi ilikuwa ngumu kama mpira. Ndani ilitoa chumvi kidogo, kwa hiyo akanipunguzia elfu hamsini. Kamba za plastiki nimebadilisha, regulata ya akiba na geji nimevibana kifuani kama Bi_Chole alivyosema. Risasi nimeweka kilo 2 na nusu mifukoni na kilo moja kwenye mkanda wa mtungi, na miguu haizami tena.

Leo asubuhi Mnemba, maji mafu, wageni wanne. Mwisho wa mzamio geji yangu ilisoma 60, tukasimama mita 5. Nilikunja mikono kifuani nikawatazama wao, na saa ikafika dakika tatu sijapuliza wala kutoa hewa. Mgeni mmoja akaniuliza mashuani kama nimebadilisha kitu.

Pesa iliyobaki nimechukua mtungi mmoja Dar, wa alumini, ili mazoezi yafanane na kazi.

#19 Fundi_Mitungi

Hongera sana kijana. Mabegani pamegongwa tarehe gani?

#20 KijanaWaNungwi

03 22, mkuu.

#21 Fundi_Mitungi

Basi kipimo chake kinaisha Machi 2027. Ulete Februari, usingoje hadi siku ya mwisho. Na usiulete ukiwa sifuri, ubakize bar 20 au 30 ndani.